Mtaala Usiohitaji Wenye Shida

Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wanaarifiwa kwamba Chuo cha Ustawi wa Jamii kimefanikiwa kuondoa kikwazo kikubwa kuliko vyote katika kufundisha kazi hiyo. Kikwazo chenyewe kilikuwa watu wenye shida.

Hapo zamani, yaani hadi mwaka jana, wanafunzi walipelekwa mitaani kwa mafunzo ya vitendo. Huko walikutana na vurugu tupu. Bibi mmoja alilia wiki ya pili, ilhali kilio kinafundishwa wiki ya tisa. Baba mmoja alifukuzwa kazi na kuugua siku ileile, akachanganya mada mbili zenye wahadhiri wawili wasiosalimiana. Huwezi kujenga mtaala imara juu ya watu wa namna hiyo.

Ndipo Mkuu wa Mitaala akaunda kamati. Wanafunzi humwita Bwana Rasimu, kwa kuwa hata kadi yake ya mwaliko wa harusi iliandikwa "Rasimu ya Tatu". Kamati ilikaa miezi minane, ikatoka na Mteja wa Mfano: mtu mmoja, mwenye shida zilizopangwa vizuri, anayelia kwa ratiba.

Mtu huyo ni mimi.

Sikuomba cheo. Nilikuwa nyumbani kwa likizo maalumu, ambayo kule bwenini, shuleni kwetu, wanaiita kusimamishwa masomo. Nilikuwa nimebandika tangazo kwenye ubao kwamba Jumatatu kucha za walimu zingekaguliwa paredi. Walimu wanane walijipanga, mwalimu wa zamu akiwa mbele, mikono ameinyoosha. Shangazi yangu, ninayeishi kwake, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni hapo. Aliposikia chuo kinatafuta kijana mwenye historia ya matatizo, alisema, "Ninaye mmoja, kazi yake kumaliza mkate."

Suala la mteja na mtahiniwa kuwa ndugu lilimalizwa kwa waraka. Undugu ulisitishwa siku za kazi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana.

Sasa, Shangazi alikuwa pabaya. Kanuni inasema anayeanguka mtihani wa vitendo anarudia tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa amesharudia mara mbili, hivi kwamba diploma ya miaka miwili alikuwa ameisoma kwa miaka sita. Barua ya mwisho ilieleza kwamba mara hii akianguka, afunge virago. Na kosa lake lilikuwa lilelile kila mara: anauliza watu kama wamekula.

Swali hilo halimo kwenye Fomu ya Huruma Namba Saba. Fomu inataka mhudumu atikise kichwa mara nne. Aseme "pole" mara tatu. Pole ya nne huhesabiwa kuwa uchochezi. Akae kimya sekunde saba. Ampe mteja leso, kisha leso irudishwe stoo. Tulifanya mazoezi jikoni kwa wiki nzima.

"Shangazi, tikisa kichwa."

"Nakubali nini sasa? Hujasema kitu."

"Hukubali chochote. Unahurumia."

"Mimi nikihurumia kinachotikisika ni mkono, unatafuta sufuria."

"Shangazi, watakuangusha."

"Wewe mtoto una adabu ya kuku. Haya, nimetikisa. Imekuwa ngapi?"

"Moja."

"Moja tu! Na shingo hii?"

Siku ya mtihani ilifika. Chumba kilikuwa na viti viwili, meza ya Bwana Rasimu, na kona ya Bi Sekunde, Msimamizi wa Ukimya, ambaye alishika saa ya kuhesabia mbio aliyoazima kwa mwalimu wa michezo. Bi Sekunde ni mtu wa haki. Inasemekana aliwahi kujiandikia barua ya onyo kwa kuchelewa.

Mimi siku hiyo nilikuwa Mtoto Mwenye Shida Namba Tatu: baba ameondoka, mama mgonjwa, kilio dakika ya sita. Kwa agizo la kamati sikunywa chai, ili uso wangu uendane na mada.

Shangazi aliingia, akaketi, akasema, "Karibu, mteja." Nikaeleza shida zangu. Akatikisa kichwa moja, mbili, tatu, nne, kama saa ya ukutani. Pole ya kwanza, safi. Kimya sekunde saba, na Bi Sekunde akainua kidole kuthibitisha. Nilikuwa najivunia, kwa kadiri ambavyo mtu asiye ndugu anaruhusiwa.

Dakika ya nne tumbo langu likanguruma. Lilinguruma kwa kirefu, kama mtu anayeburuta kabati.

Shangazi alipigana na nafsi yake. Niliona. Midomo ilijifunga, ikafunguka. "We mtoto, umekula?"

Bwana Rasimu akapiga meza. "Hilo swali halimo!"

"Lakini Mkuu, tumbo limenguruma, na wewe umelisikia."

"Njaa ni wiki ya kumi na moja! Miaka sita, mama, miaka sita! Inuka. Inuka nikuonyeshe namna ya kuhurumia, halafu nikuandikie barua yako."

Shangazi aliinuka. Alisogea ukutani, akashika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayengoja kuitiwa gari. Bwana Rasimu akakalia kiti cha mhudumu, akanyoosha tai. Kwenye kona Bi Sekunde alichukua fomu mpya, akarudisha saa kwenye sifuri, akaanza kuandika.

"Mteja," alisema Bwana Rasimu, "baba yako yuko wapi?"

Jibu lililoandikwa ni "Aliondoka." Lakini nilimwangalia Shangazi pale ukutani, nikaona jibu hilo halina faida kwa ukoo. Nikabuni baba mwingine papo hapo, nikimtazama huyu aliye mbele yangu na kalamu zake nne mfukoni.

"Yupo," nikasema. "Ni mtu mkubwa. Anatoka hatujaamka, anarudi tumelala. Juzi mdogo wangu aliambiwa shuleni achore baba. Akachora mgongo."

Bwana Rasimu hakutikisa kichwa. Hakusema pole hata moja.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Ameniambia nini, Mkuu?"

"Ule mchoro. Nani amekuambia kuhusu mchoro wa binti yangu?"

Naapa sikuwa najua. Mimi ni mwongo wa kawaida, huwa sipatii.

Kikafuata kimya. Sekunde saba zikapita, zikapita sabini. Bi Sekunde alikuwa anaandika na kufuta, saa inakimbia. Kisha Bwana Rasimu, mwandishi wa kanuni zote za kilio, akalia. Alilia bila mpangilio, mabega yakiruka.

Shangazi akatoka ukutani. Akavuta kiti cha mezani, akaketi karibu naye.

"Kaka yangu," akasema, "umekula?"

"Tangu jana mchana," akajibu Bwana Rasimu.

Shangazi akafungua mkoba, akatoa chapati mbili alizoniwekea mimi. Naliandika hili bila kinyongo. Bwana Rasimu alikula na kuongea, akaongea na kula. Alieleza jinsi anavyowaachia wanawe ujumbe mezani, na ujumbe una kichwa cha habari, kumbukumbu namba na nakala kwa mama yao. Shangazi alimsikiliza tu. Baada ya nusu saa Bwana Rasimu alijifuta uso kwa leso ya stoo, akasema anajisikia mwepesi, akaitia mfukoni.

Bi Sekunde akakohoa. "Mkuu, samahani. Matokeo."

"Matokeo ya nani?"

"Ya aliyekalia kiti. Kutikisa kichwa, sifuri. Pole, sifuri. Kimya, umezidisha kwa sekunde sitini na tatu. Mhudumu amelia kabla ya mteja. Una kumi na moja kwa mia."

"Mimi si mtahiniwa!"

"Kanuni ya tisa, Mkuu. 'Yeyote atakayekalia kiti cha mhudumu ni mtahiniwa, bila kujali jinsia, umri wala cheo.' Neno 'cheo' uliliongeza mwenyewe, na tukapiga makofi."

Bwana Rasimu aliomba kanuni ifutwe. Kufuta kanuni kunahitaji kamati. Kamati huitishwa na Mkuu wa Mitaala, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuitisha hata chai. Jumatatu alikaa dawati la mbele, kitambulisho kipya shingoni, karibu na wasichana wawili waliomwomba awachongee penseli.

Fomu ya Shangazi ilibaki mikononi mwa Bi Sekunde, mtahini pekee aliyesalia. Alitafuta kisanduku cha kuonyesha kwamba mteja ametoka akiwa na nafuu. Hakikuwapo. Akakichora mwenyewe kwa rula pembeni mwa ukurasa, akakitia alama ya vema, akasaini. Shangazi alihitimu. Na kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyewahi kumhudumia mteja halisi ndani ya jengo lile, chuo kikampa usimamizi wa mafunzo ya vitendo.

Siku ya kwanza kazini alifuta wadhifa wangu. "Rudi shule," alisema, saa nne asubuhi, undugu ukiwa bado umesitishwa. Siku ya pili aliwarudisha wanafunzi mitaani, kila mmoja na kaya yake. Bwana Rasimu alipewa kaya ambayo baba haonekani. Alisoma anwani, akaisoma tena.

"Hakuna nyumba nyingine?"

"Zipo, kaka. Zimeshachukuliwa."

Ripoti yake niliisoma kabla sijarudi bwenini, kwa kuwa ilikuwa mezani kwa Shangazi na hakuna aliyenikataza. Ni fupi, kitu kisicho kawaida yake, na haijaitwa rasimu. Inasema: "Nilibisha hodi saa kumi na moja jioni. Mlango ulifunguliwa na mtoto wa kike wa miaka sita. Mama yake aliuliza kutoka ndani ni nani. Mtoto alinitazama kwa muda, kisha akajibu: 'Simjui vizuri, lakini anafanana na baba.'"

Chini yake Shangazi ameandika kwa wino mwekundu: "Ziara irudiwe. Kila siku."