Ubao wa Mtaa Urudi, na Dubu Afukuzwe

Kwa Ndugu Ogiwara Tetsuro,
Mwenyekiti wa Chama cha Mtaa wa Sakae, Kundi la Tatu.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini goti lako limepoa, maana baridi imeanza kutuachia na miti ya micheri kando ya mfereji imetoa machipukizi. Mimi na mume wangu Yasuo hatujambo, kwa rehema za Buda Amida, ambaye namtajia jina lako kila asubuhi ninapomwekea wali na maji. Leo nimekutaja mara mbili, kwa kuwa nakuja na malalamiko.

Mimi si msomi, unanijua. Nilitoka shule nikaingia kwenye mapipa ya achari ya figili, na ndimo nilimo mpaka leo. Lakini tangu niolewe hapa Sakae, matangazo ya mtaa yalikuja kwa ubao. Karatasi imebanwa juu yake, unasoma, unapiga muhuri wa ukoo wako, unaupeleka nyumba inayofuata. Kwangu ulitoka kwa Mzee Imoto fundi cherehani, na kutoka kwangu ulikwenda kwa Bi Hatanaka Mitsuyo. Majani yalipoanza kudondoka mlitangaza kwamba ubao umestaafu na matangazo yatakuja kwenye kundi la simu. Niliinama kukubali, kwa sababu wote waliinama. Sasa naomba ubao ufufuliwe. Sababu zangu ni hizi.

1. Majibu. Ukituandikia kwamba Jumatano hii taka za plastiki hazichukuliwi, ni jambo jema. Lakini kila nyumba lazima ijibu, "Nimeelewa, asante kwa kazi." Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, aonekane hana shughuli, wala wa mwisho, aonekane ana kiburi. Basi sote tunavizia, akijitosa mmoja simu zinalia kama nyenje wa kiangazi. Juzi ililia nikiwa nimepiga magoti mbele ya madhabahu ya nyumbani. Nikamwambia Buda Amida, "Nimeelewa, asante kwa kazi." Yasuo akacheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka. Nimeomba radhi kwa siku kadhaa.

2. Ile alama ya "imesomwa". Zamani ubao ulilala kwangu hata siku mbili na hakuna aliyejua kama nimesoma au nimeufunikia sufuria. Leo unajua kwamba nimesoma tangazo la mitaro nikiwa bafuni. Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mke wa mtu! Mzee Imoto ameacha kabisa kufungua simu. Anaiweka chini ya jiwe la kukandamizia achari nililompa, anachungulia maneno mawili ya juu, kisha anakuja kuniuliza mimi yaliyobaki. "Dada Fusae, nisomee wewe, maana mimi nikisoma nitadaiwa jibu." Haya ndiyo maendeleo tuliyoambiwa?

3. Figili. Ubao haukutembea peke yake. Mtu hawezi kusimama mlangoni pa jirani na ubao mkavu, akageuka akaondoka. Nilikuwa napeleka na figili. Bi Mitsuyo alirudisha bakuli lina matunda ya kukausha, sijui uduvi, sijui mandazi ya maharage. Siku ambazo yeye hayupo alipokea mumewe, marehemu Shigeru, na tumbo lake lile lililokuwa likifika mlangoni kabla yake. Nyote mnamkumbuka jukwaani kwenye ngoma ya kiangazi ya kuwapokea wafu, kipepeo cha kujipepea huku na kipepeo huku, shingo kaipinda upande. Alikuwa akinipokea ubao kwa hatua ile ile ya ngoma, halafu anasema, "Mama Figili, habari za serikali zimefika!" Tangu ubao ustaafu, figili haziendi na bakuli halirudi. Yasuo anazila zote yeye, asubuhi na jioni, na sasa anasema hata ndotoni anatafuna.

4. Dubu. Hapa naomba uketi.

Binti yangu Chinatsu alinipa zawadi, vikatuni vya dubu vya kutuma kwenye simu. Wamepangwa mistari mistari. Yupo anayeinama kwa heshima, machozi mawili. Pembeni yake, karibu sana kwa maoni yangu, yupo anayecheza na vipepeo viwili huku karatasi za rangi zikimnyeshea. Asubuhi ile ya Februari ulipoandika kwamba Ndugu Hatanaka Shigeru ametutoka, nilikuwa na mikono ya maji ya chumvi na miwani iko jikoni. Nilitaka dubu wa kuinama. Akaenda wa kucheza. Nikabonyeza nimfute, akaenda wa pili.

Hayo ni makosa yangu, sikatai. Lakini yaliyofuata ni ya kundi. Mzee Imoto aliona dubu wawili, akadhani ndiyo adabu mpya ya msiba huko kwenye intaneti. Asiwe mtovu wa adabu, akamwomba mjukuu wake amtafutie dubu kama huyo, akamtuma. Nyumba ya kona ikaona tayari wapo watatu, ikafuata. Familia ya daktari wa meno ikafuata. Na wewe, Ndugu Mwenyekiti, nakuheshimu sana, lakini saa ya chakula cha mchana na wewe ulicheza. Mpaka jioni Kundi la Tatu zima lilikuwa linamchezea ngoma maiti wa watu.

Ubao usingeweza kufanya hivyo. Muhuri wa ukoo hauna vipepeo.

Msibani nilikaa nyuma, nikafukiza ubani, nikainama, nikatoka bila kuthubutu kumtazama mjane usoni. Tangu siku hiyo mlango wa Bi Mitsuyo umefungwa na dirisha lake limeshushwa pazia. Dubu wote wamesomwa. Hajajibu mtu. Nimefika pale kwake na bakuli mara nyingi, nikageuza, kwa sababu nitasema nimefuata nini? Jirani hagongewi mlango bure. Ningekuwa na ubao ningegonga. Ningesema, "Habari za serikali," na mengine yangejileta yenyewe. Jumapili ijayo ni siku ya arobaini na tisa, siku ambayo roho hufunga safari yake ya mwisho. Sitaki Shigeru aondoke huku mkewe akiamini kwamba tulifurahi.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, kundi la simu lifungwe kabla ya Jumapili. Pili, ubao uanze tena kesho, na uanzie kwangu. Tatu, serikali kule Tokyo iandikiwe kwamba intaneti yote ya Japani ibandikwe juu ya ubao, ipigwe muhuri, ipitishwe nyumba kwa nyumba mpaka Sakae. Habari itakayochoka njiani haikuwa na haja ya kufika. Nne, dubu wapigwe marufuku nchi nzima, isipokuwa wa milimani, ambao hawajamkosea mtu.

Nisalimie mkeo, mama mkwe wako, na yule mbwa asiyenipenda. Yasuo naye anakusalimu, mdomo umejaa.

Ni mimi jirani yako mnyenyekevu, ninayekuombea,
Tsukamoto Fusae

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado wazi simu ilipolia. Umeona mwenyewe, maana alama inasema umesoma. Bi Mitsuyo ameandika kwenye kundi: "Nyie watu wa Kundi la Tatu, dubu yule kamtoa wapi Fusae? Tumbo ni la Shigeru. Shingo ni ya Shigeru. Nimekaa naye ndani siku zote hizi, kila nikilia namfungua anacheza. Na wewe Mama Figili, bakuli langu la figili unalileta lini, au mpaka utumwe na serikali?"

Basi naomba kundi lisifungwe kwanza, angalau mpaka nimfundishe Bi Mitsuyo kumtuma dubu huyo. Suala la Tokyo nalo lisubiri.

Nimevaa miwani, nimekausha mikono, nikamjibu kwa heshima zote na dubu anayeinama. Ameandika sasa hivi: "Siyo huyo."