Printa Yenye Jina la Mama Mkwe

Masijala,
Chama cha Ushirika wa Pamba Igembe,
Shinyanga.

Kwa Bi. Kudra,
Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA,
Makao Makuu ya Chama.

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA PRINTA AMBAYO JINA LAKE SITALITAJA

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu kwetu barua isiyo na salamu ni hati ya kuitwa mahakamani, na mimi na wewe hatujafika huko.

Husika na somo hapo juu. Kwa kawaida ningeandika "somo tajwa", lakini kutaja ndiko kulikoniponza. Mimi ni karani wa masijala, nimeoa kwa mama mmoja wa Rwamgasa, kule Geita, na wewe ni mtu wa Pwani, kwa hiyo niruhusu nieleze polepole.

Kabla ya msimu wa kununua pamba, fundi wako Fredy alikuja kuitoa printa yetu kwenye waya wa kompyuta moja na kuiingiza kwenye mtandao, ili kila mtu achapishe akiwa mezani kwake. Ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Kompyuta ikamwuliza printa inaitwa nani. Fredy, ambaye si mwenyeji, akamwomba Martina wa mapokezi amtajie jina zuri la kike la Kisukuma. Katika majina yote yaliyojaa kuanzia hapa hadi ziwani, Martina akaenda kuliokota la mama mkwe wangu, na Fredy akaliandika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwetu mkwe hatajwi jina. Tangu nimwoe Melania sijalitamka jina la mama yake hata ndotoni. Tukikutana njiani mimi naingia shambani, yeye anatazama upande wa pili, heshima inapita katikati. Hapa sokoni kuna duka la vitenge lenye jina hilo kwenye ubao. Mimi nanunua duka la jirani, ingawa vitenge vyake vinachuja. Leo nikitaka kuchapa ukurasa mmoja sharti nimtafute kwenye orodha, nimchague, kisha nimbonyeze. Bi. Kudra, mimi nimbonyeze mama mkwe?

2. Kompyuta nayo ina mdomo. Fredy, kwa nia njema kabisa, aliiwekea Kiswahili, na tangu hapo inanitangazia habari za mkwe wangu mchana kutwa. Mahali pa jina nitaandika "Mama". Mama hapatikani. Mama amemeza karatasi. Mama ana joto kali, subiri apoe. Fungua kifuniko cha nyuma cha Mama. Siku moja iliniuliza kama nataka Mama awe chaguo langu la msingi, nikajibu Hapana, chaguo langu la msingi ni binti yake. Haikuridhika. Ikaniuliza kama nina uhakika nataka kumfuta Mama, ikanipa vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Nilikwenda kuzima swichi kubwa. Kama ulipata taarifa kwamba mizani ya ghala ilizimika mchana pamba ya watu ikiwa juu yake, sababu ni hiyo.

3. Printa inatazamana na meza yangu. Mkwe hakai akitazamana na mkwewe akipiga miayo, kwa hiyo nimeihamishia masijala barazani. Mbuzi wa jirani amekwisha kula jalada la Likizo, na sasa anavizia la Uhamisho.

4. Anwani. Fredy alinieleza kwamba zamani kila umeme ukikatika na kurudi, printa ilikuwa inapewa anwani nyingine, na kompyuta zikawa zinaitafuta kama mtu aliyehama bila kuaga. Akaamua kuipa anwani tuli, isiyohama. Nimeelewa, mimi si mjinga. Lakini mama mkwe kuja kusalimia na kuondoka ni jambo moja, na mama mkwe kupewa anwani ya kudumu mahali anapotafutia riziki mkwewe ni jambo lingine. Tangu lini?

5. Hili ndilo linaloniuma. Jumapili nilikuwa nyumbani nakula, mikono imejaa ugali, Athanas wa uhasibu akapiga simu kutoka ofisini. Nikabonyeza spika kwa kiwiko. Athanas hajui kuongea taratibu. Akalitaja lile jina kwa sauti ya mnada, kwamba tangu asubuhi amegoma, anakoroma tu wala hatoi kitu. Mimi, bila kumtaja mtu, nikamwelekeza kama mtumishi anayejali mali ya chama: mzime, mpige kidogo ubavuni, akiendelea kukoroma mburute mpaka stoo, tutaagiza mwingine ambaye hajachakaa. Nilipoinua macho, Melania alikuwa amesimama na bakuli la mlenda mkononi. Nilijitetea kwamba ni printa. Akauliza printa gani. Na mimi, kwa malezi niliyopewa, nisingeweza kuitaja. Alimchukua mtoto wetu Nelly, akapanda basi la Geita, na hajarudi.

6. Nyumba imepoa. Nakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kama mtu aliye safarini. Namkumbuka mke wangu, na nalisema wazi ingawa hii ni barua ya kikazi.

Kwa hoja hizo, ambazo naamini hata wewe zimekuingia, naomba kwa unyenyekevu printa ibadilishwe jina kabla mwezi haujaandama. Iitwe Printa tu. Kama ni lazima iwe na jina la mtu, Fredy naye ana mama mkwe.

Aidha, Fredy mwenyewe alinieleza kwamba mtandao unaweza kugawanywa, mashine mbili zikakaa nyumba moja na zisionane kabisa. Bi. Kudra, wazee wetu wanafanya hivyo tangu enzi na enzi bila hata waya. Naomba basi uanzishwe Mtandao wa Wakwe. Kila mtumishi awasilishe kwenu majina ya wakwe zake, na wenye wake wengi wapewe karatasi ya ziada. Kisha kisipewe jina kifaa chochote cha chama, iwe printa, mizani au kengele ya mlinzi, mpaka masijala tuwe tumehakiki. Mtumishi akioa, mtandao wote upangwe upya. Akiachana na mkewe, mtandao usubiri kwanza, maana watu hupatana.

Vilevile naomba ujumbe wa chama uende Rwamgasa kuomba radhi. Fredy amtangulize mbuzi, na ikiwezekana awe huyu wa jirani aliyekula jalada, ili mambo mawili yaishe kwa safari moja. Ujumbe ubebe barua yenye muhuri inayothibitisha kwamba aliyeamriwa kupigwa ubavuni ni mashine. Hayo yote yakishindikana, naomba nihamishiwe kituo chochote kisicho na umeme.

Barua hii nimeiandika kwa mkono. Sababu unaijua.

Wasalimie watumishi wote wa makao makuu, wapishi na walinzi wasisahaulike. Isalimie na seva yenu. Sijui inaitwa nani, na tafadhali nisiambiwe.

Wako katika kuujenga ushirika na kuinusuru ndoa,

Stanslaus Masele
Karani wa Masijala (Barazani)

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha nikaona bajaji inasimama mbele ya ofisi. Akashuka Melania, akashuka Nelly, kisha akashuka Mama mwenyewe, amejifunga kitenge cha safari, amekuja kumwona kwa macho yake huyo mwenye jina lake anayepigwa na mkwewe. Nilikimbilia ghalani nikajificha nyuma ya marobota ya pamba. Ukuta ni mwembamba, kwa hiyo niliyasikia yote.

Mama aliisalimia printa, "Mwangaluka." Haikuitika. Fredy, ambaye alikuwa amekuja kuitengeneza baada ya ule mgomo wa Jumapili, akaogopa akachapisha karatasi ya majaribio. Melania akamsomea mama yake: jina lake juu, kwa herufi kubwa, chini yake "Yuko tayari", na chini zaidi "Anwani tuli". Mama akauliza maana yake. Fredy akamweleza kwamba ni mtu asiyehama, anayejulikana na mtandao mzima, na ofisi yote haiwezi kutoa barua bila yeye. Mama alicheka, Bi. Kudra! Sijawahi kusikia kicheko chake, kwa sababu siku zote mimi huwa shambani. Akasema Rwamgasa wachimbaji wanahama duara hili la dhahabu kwenda lile hata hujui umzike wapi mtu, lakini yeye ana anwani mjini Shinyanga, tena ofisini. Karatasi ameikunja akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Kisha akamtuma Melania aniletee maagizo huku ghalani. Jina lisibadilishwe. Kubonyeza si kutamka, kwa hiyo nirudi mezani nifanye kazi. Mke wangu nimerudishiwa, na usiku huu nitakula mlenda.

Kwa hiyo tafadhali futa hoja ya kwanza hadi ya sita, Mtandao wa Wakwe, ujumbe, mbuzi na uhamisho. Limebaki ombi moja tu, nalo ni la haraka. Mama ameahidi kurudi Jumamosi kumsalimia wajina wake, na kompyuta imenitangazia sasa hivi kwamba wino unakaribia kwisha. Naomba wino utumwe kwa basi la kwanza. Mama mkwe hawezi kukutwa na njaa kwa mkwewe.