Kisanduku cha Juu Kabisa

Jumatatu, 4 Machi

Hatimaye kampuni imezinduka! Ukurasa wetu wa mwanzo, ule ambao mteja akiingia mtandaoni anakutana nao kwanza, pamoja na visanduku alivyojipangia mwenyewe (hali ya hewa, habari, barua, saa), hausomeki kwenye simu. Safu tatu zinazotulia kwenye kompyuta, kwenye simu zinabanana kama nguo kwenye begi la safari. Bosi ametangaza: Ijumaa kila mwenye wazo alilete. Atakayeshinda ndiye mkuu wa kitengo cha simu. Mkuu! Na chumba chenye dirisha!

Mpinzani ni mmoja tu, Kimya. Tunamwita hivyo kwa sababu hasemi. Simhofii.

Nyumbani, mama mkwe bado yuko kwenye kiti changu. Alikuja kwa wiki mbili, mafundi wamtengenezee paa. Huu ni mwezi wa tatu yuko hapa. Mama mzuri, sina neno naye. Lakini kiti! Leo akagusia kuondoka, nikamwambia mama, haraka ya nini, hapa ni kwako. Ningesema nini? Nikala kwenye stuli, kisha nikachungulia kwenye ukurasa wangu kile kisanduku cha vyumba vya kupanga, kama kawaida ya kila jioni. Hakuna kipya.

Jumanne, 5 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Kwenye simu safu ni moja, basi swali ni kisanduku gani kikae juu. Mteja asiulizwe, mteja mwenyewe hajijui. Ukurasa umtazame! Anachokifungua siku hadi siku kinapanda chenyewe, asichokigusa kinazama. Nimeandika programu mchana kutwa mpaka chai ikanipoa.

Wajanja nimewawekea mtego. Mtu akibonyeza kisanduku kimoja mfululizo ili akipandishe kwa nguvu, programu inahesabu mara moja tu. Kwangu udanganyifu haupiti.

Kimya amezunguka ofisini akiuliza watu wangependa nini kiwe juu. Anauliza! Nimemwonea huruma.

Jumatano, 6 Machi

Bosi ameongeza sharti. Anataka mtumiaji wa kweli ashike simu mbele ya watu, ikiwezekana mtu mzima, maana wateja wetu wengi ni watu wazima. Nikadakia kwamba ninaye nyumbani. Bosi akafurahi.

Jioni nikamwomba mama mkwe kwa adabu zote, nikiwa stulini. Akauliza avae nini. Mke wangu akanitupia jicho, akauliza tangu lini nampeleka mama yake matembezini. Nikajitia sikusikia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekumbuka kitu. Mama mkwe husahau neno la siri. Akikwama kesho, nitamfungulia ukurasa wangu, hakuna atakayejua. Basi heri juu ya ukurasa huo kuwe na kitu cha kumpendeza bosi. Baada ya chakula nimekaa jikoni nikibonyeza kisanduku cha Habari za Kampuni mpaka kidole kikafa ganzi. Mke wangu akauliza kama simu imeharibika. Nikamjibu hii ni kazi ya kitaalamu.

Moyo wangu mweupe. Nimeshachagua hata upande wa dirisha nitakakoweka meza.

Ijumaa, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Kimya alitangulia. Kwenye simu yake visanduku viko mstari mmoja. Unashikilia kimoja kwa kidole, unakivuta unapotaka. Basi! Akamuuliza mama mkwe angependa nini juu. Akasema saa, kwa namba kubwa. Akaivuta mwenyewe, akacheka. Watu wakapiga makofi. Makofi ya adabu tu, nikajiambia.

Zamu yangu. Nikahutubia. Mama mkwe, kama nilivyotabiri, neno la siri limemtoka. Nikaingiza langu upesi, nikampa simu, nikamwomba asome kwa sauti kilicho juu, kwa kuwa hicho ndicho moyo wa mtumiaji unachokipenda. Nilisema hivyo. Moyo. Mbele ya watu wote.

Akarekebisha miwani, akasoma: vyumba vya kupanga. Akaendelea na maneno niliyokuwa nikitafutia: chumba kimoja, kinachomfaa mama mzee, mbali kidogo, haraka.

Ule mtego! Mibonyezo yote ya jana imehesabiwa mara moja, na vyumba nimevifungua kila jioni tangu mama aje. Programu haikukosea hata chembe. Bosi mwenyewe alisema hivyo, akitazama dari.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe hakupandisha sauti. Alinirudishia simu taratibu akasema herufi zinasomeka vizuri, mwanangu. Hilo neno mwanangu ndilo lililoniuma. Kimya ndiye mkuu wa kitengo.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu hanisemeshi. Chumvi anaiomba kupitia kwa mama yake.

Mama mkwe ameniita, nikaketi stulini. Akaniambia paa lilikwisha mwezi uliopita. Amebaki kwa sababu kila akigusia kuondoka namwambia haraka ya nini, hapa ni kwako, akaona akienda atanivunja moyo. Leo ndiyo siku aliyokuwa amepanga kuondoka, begi tayari. Sasa haondoki. Hatoki kwa mkwe wake kama aliyefukuzwa. Ataondoka siku nitakayomwomba abaki na yeye akaona nimemaanisha. Akafungua begi mbele yangu, akatoa nguo moja moja.

Nimeona haya, kweli kabisa. Nimeomba msamaha, ameupokea. Nikamwomba abaki. Akanitazama usoni, akasema bado.

Jumapili, 10 Machi

Kimya amenipigia simu. Maneno machache: programu yangu ni nzuri, ataiweka kwa wateja watakaoichagua wenyewe, na ananitaka kitengoni. Nimemwambia nitafikiria. Nitaenda.

Nimetafakari kwa kina nilipokosea. Kosa halikuwa vyumba. Kosa ni kuvitazama kwenye ukurasa wangu mwenyewe! Nimekifuta kile kisanduku, nikaweka Afya ya Wazee. Nitakuwa nakifungua kila siku mpaka kipande juu kabisa, na mama akione kwa macho yake.

Vyumba nimevihamishia kwenye simu ya mke wangu. Nimemwekea na programu yangu, kama zawadi ya kuomba radhi, na amekubali kunisemesha. Kisanduku kimetulia chini kabisa, hawezi kukiona. Nitakuwa nakifungua mara moja tu kila jioni, akiwa anaoga.