Hamira Nayo ni Nyama

Jumamosi, 7 Machi. Buffalo.

Theluji tena. Nimetoka darasa la watu wazima mapema, na kwa sababu nzuri. Mwalimu alifundisha habari za hamira. Kumbe ile ya pakiti iko hai! Imelala tu. Ukiitia maji ya uvuguvugu na sukari inaamka, inakula sukari, inatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoumua unga. Halafu inachipua: kidude kinaota ubavuni mwa mama yake, kinakua, kinajitenga, nacho kinaanza kula. Nikauliza kama basi ni mnyama. Mwalimu akasema swali zuri, tutalifikia baada ya mapumziko, kwenye somo la makundi ya wanyama. Kwenye mapumziko nikavaa koti nikaondoka. Nilichotaka nilikuwa nimeshakipata.

Niandike mambo yalivyo. Kongamano la kwaya ni wiki ijayo, Louisville. Gari la kanisa litapitia Columbus, mtaa wa Linden, kuchukua wenzetu, na limebaki na nafasi moja, ya mtu wa chakula. Tunaoigombea ni wawili: mimi na maji yangu ya ndizi, Kostansia na maandazi yake. Kostansia ni jirani yangu hapa East Side, mjane, na maandazi yake yanasifiwa mpaka Cheektowaga, kwenye ghala ninakofanya kazi. Yanasifiwa mbele yangu.

Mimi nina dada yangu Louisville, Niyonkuru. Tuliagana kambini Kigoma miaka tisa iliyopita, akapanda basi la wakimbizi wanaohamia Marekani, sijamwona tena. Kuendesha gari sijui. Basi la abiria nililijaribu mwaka juzi, nikateremka Cleveland kwa makosa, nikarudi nyumbani na mzigo wangu. Nafasi ile lazima niipate mimi.

Jumapili, 8 Machi.

Kanisa liko kwenye mfungo, hakuna nyama mpaka Pasaka. Baada ya ibada nikamwendea Mchungaji Mirindi. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, na kwa Kiswahili chao mnyama na nyama ni neno moja. Mbuzi akitembea ni nyama, akiwa sufuriani ni nyama vilevile. Sisi tuliosomea Tanzania huwa tunalicheka hilo kichinichini. Leo sikucheka. Nikamweleza kwa upole kwamba hamira inakula, inapumua na inazaa, na kwamba dhamiri inanisumbua.

"Bon," akasema. "Kama iko nakula na iko nazala, donc iko nyama."

Akatangaza palepale: kwenye mfungo hakuna hamira. Kostansia alinitazama tu. Nikajifanya natafuta wimbo kitabuni.

Jumanne, 10 Machi.

Kazi imeanza. Nimenunua ndizi mbivu, zile zenye madoa, nikazikamua kwa mikono kama alivyofanya baba, nikachuja, nikajaza dumu, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Nimeliweka karibu na hita lisipate baridi. Ni maji ya ndizi, si pombe. Tofauti ya hivyo viwili ni siku, na kuhesabu siku najua.

Kabla sijachuja Kostansia aligonga mlango, akauliza kama nahitaji chujio. Nilimjibu kwamba sihitaji. Baada ya kufunga mlango nilitafuta chujio langu sikulipata, nikatumia fulana, safi.

Jumatano, 11 Machi.

Darasani. Nimejuta kwenda. Hamira si mnyama. Wala si mmea. Ni kuvu, ndugu wa uyoga na wa ule ukungu unaoota kwenye mkate wa zamani. Seli yake ina ukuta, ya mnyama haina. Mnyama anakimeza chakula, hamira inakifyonza kupitia ngozi yake, maana mdomo haina. Nikaandika yote kwa mwandiko mzuri, nikafunga daftari, nikaamua kutomwambia mtu. Hakuna aliyeniuliza.

Mwalimu alisema pia kwamba kuna hamira za porini, zinazokaa zenyewe kwenye maganda ya matunda yaliyoiva. Hilo sikuliandika, kwa sababu ndizi zangu zimetoka dukani.

Alhamisi, 12 Machi.

Siku mbaya. Kamati ya kwaya ilikutana jikoni mwa kanisa kuonja vyakula vyetu. Kostansia alileta chapati. Hazina hamira. Hakulalamika, alibadilisha tu, na zilikuwa laini kuliko nilivyotaka. Nikaleta dumu langu. Lilikuwa limevimba kama mtu mwenye gesi, lakini nilidhani ni plastiki ya siku hizi. Nikafungua kifuniko mbele ya mchungaji.

Povu lilipiga dari, kisha likamshukia mchungaji, suti nzima. Akalinusa koti lake, akauliza kwa sauti ya chini kama hii ni pombe. Nikasema sikutia hamira hata punje. Kostansia akauliza, kwa adabu zake zote, sasa hayo mapovu ni pumzi ya nani. Mchungaji akasema kama hamira imo, basi dumu zima limejaa nyama.

Hapo nilichanganyikiwa. Nikasema hamira si mnyama, ni kuvu, mwalimu ameeleza jana! Kostansia akarudia neno moja tu: jana?

Nafasi amepewa yeye. Nimepiga deki mpaka juu ya kabati. Niyonkuru alipiga simu jioni kuuliza ninapenda kulala chumba kipi. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Ijumaa, 13 Machi. Njiani.

Niko ndani ya gari. Kabera wa sauti ya tatu amelazimishwa zamu ghalani, kiti chake kimebaki wazi. Kostansia ndiye aliyemwambia mchungaji kwamba chapati mia mbili zinahitaji mtu wa kusukuma, na kwamba mimi, Aloisi, nina dada yangu kule. Sijui alijuaje. Columbus tumeshapita. Amenipa karanga. Nimezila.

Jumamosi, 14 Machi. Louisville.

Tangu alfajiri nasukuma chapati, Kostansia anachoma. Saa nne Niyonkuru akaingia jikoni. Amenenepa, ana mvi. Nililia na mikono yangu ya unga mgongoni kwake, na sioni haya kuliandika. Kostansia aligeukia jiko mpaka tulipomaliza.

Jumapili, 15 Machi.

Niyonkuru amekula chapati nne. Amezisifia mezani, mbele ya watu wa miji mitatu, na akamwita Kostansia "mdogo wangu". Mimi niliyesukuma zote mia mbili hakunitaja. Wala hakuuliza habari za maji ya ndizi.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Zile chapati zilipakwa siagi. Nilizipaka mwenyewe, lakini kwa amri yake. Siagi inatoka kwa ng'ombe, na ng'ombe ana uti wa mgongo, ananyonyesha, ana manyoya. Safari hii nimesoma sura yote ya wanyama mpaka mwisho, hakuna ubishi.

Gari linaondoka sasa hivi. Kostansia amenishikia kiti cha dirishani na ananiita. Nimemwambia anisubiri kidogo, nina dakika tano na mchungaji.