Suti ya Mwenye Upara

Jumatatu, 6 Januari
Nimeanza kazi. Duka la dobi, upande wa kaunta. Shangazi ndiye aliyenitafutia. Mwenye duka kanipa wiki moja ya majaribio. Jumamosi ataamua kama nabaki. Kazi yenyewe nyepesi: pokea nguo, muulize mteja jina, liandike kwenye kikaratasi, kibane kwenye nguo kwa pini. Nimefanya yote isipokuwa kuuliza jina. Nimwangalie mtu mzima usoni nimuulize yeye nani! Bahati nzuri nina akili. Nimeandika ninachokiona: "Mzee, upara, suti ya kahawia." Nani atakosea hapo?

Jumanne, 7 Januari
Utaratibu wangu unakwenda vizuri mno. "Dada, misuko hadi kiunoni, magauni mawili." "Kaka anayenusanusa, shati." Mpiga pasi, anayejiona yeye ndiye duka, amevisoma vikaratasi akacheka hadi akaunguza kola. Akaniuliza, mdogo wangu, hapa tunafua nguo au tunasaka wahalifu? Wivu tu.

Alhamisi, 9 Januari
Kasoro ndogo. Dada wa misuko amekuja kanyoa. Nikamwambia nguo zake hazipo. Akasema magauni yake yale pale, yananing'inia nyuma ya kichwa changu. Nikamweleza kwa adabu kwamba hayo ni ya dada mwenye misuko. Mwenye duka akatoka, akampa nguo, akamwomba radhi. Kisha akanigeukia: binti, majina huwa unauliza? Nikasema nauliza, ila kimoyomoyo. Mpiga pasi anapiga mluzi tangu mchana.
Funzo: nywele si za kuaminika. Niandike visivyobadilika.

Ijumaa, 10 Januari
Nimerekebisha. Kwenye suti ya mzee nimeongeza: "Pua kama kiazi. Mwendo wa bata." Hata akija na kofia, hatoki.

Jumamosi, 11 Januari
Siku ya uamuzi. Mzee hakuja. Kamtuma mkewe.
Mama wa watu akasoma kikaratasi mara mbili. Mwenye duka akachungulia begani kwake, naye akakisoma. Mpiga pasi akaweka pasi chini asikie vizuri. Mimi nikawa natafuta maneno ya kumwambia shangazi. Mama akauliza nani kaandika. Nikanyoosha kidole, kama darasani. Akasema ameishi na pua ile miaka thelathini, leo ndiyo amepata inachofanana nacho. Akacheka huku ameshika kaunta. Ameondoka na suti, na kikaratasi, na ahadi ya kuleta mapazia ya nyumba nzima.
Mwenye duka hakucheka. Kwa ajili ya mapazia, amenipa wiki nyingine, kwa sharti moja: niulize jina. Maneno mawili tu, jina lako, basi. Nimekubali. Jioni nimefanya mazoezi mbele ya kioo na yametoka vizuri kabisa.
Ila nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona. Nilitegemea mno maneno. Nimenunua penseli za rangi. Kuanzia Jumatatu nitawachora.