Presha ya Jicho Iliyonifungua Mdomo

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Macho.

Ndugu Daktari,

Kuh: Maneno yaliyonitoka presha ya jicho ilipopanda

Natumaini wewe na mashine zako mu wazima. Mimi ni yule mwalimu wa udereva uliyemfanyia upasuaji wa leza mwezi uliopita. Macho hayana neno. Ninalalamikia mengine, kama ifuatavyo:

1. Ulinieleza vizuri kwamba utabandika pete juu ya jicho ili litulie wakati wa kukata kile kifuniko chembamba cha mbele, kwamba presha ya jicho itapanda, na kwamba nitaona giza kwa sekunde ishirini. Sikatai. Lakini sekunde za kitandani kwako si sawa na za saa ya ukutani. Nilihesabu hadi sita nikajua basi, nimepofuka na kazi imekwisha.

2. Mtu anayeamini amepofuka hutubu. Nilikiri kwa sauti kwamba miaka minne sasa namwona mama mkwe kituoni akisubiri basi na vikapu vyake, nami nampita na gari makusudi, kisha nyumbani mke wangu akiniuliza kama nilimwona, nasingizia miwani. Ukweli ni kwamba namwogopa. Maongezi yake ni marefu, na yote hunihusu mimi.

3. Muuguzi aliyenishika mkono alikuwa binamu wa mke wangu. Alivaa barakoa, sikumjua.

4. Presha ya jicho ilishuka palepale. Ya nyumbani inapanda mpaka leo. Mke wangu hanisemeshi ila kwa kupitia watoto, na amesema ikifika Jumamosi sijamwomba mama yake radhi ana kwa ana, nihamie chuoni nikalale na magari.

5. Kibaya zaidi, upasuaji umefaulu. Nasoma namba za gari lililo mwisho wa barabara, na mtaa mzima unajua. Mmeniponya bila kuniachia kisingizio hata kimoja.

Hivyo naomba kwa heshima barua yenye mhuri, ikieleza kwamba presha ikipanda jichoni husukuma uongo mdomoni, na lolote asemalo mgonjwa chini ya ile pete lisihesabiwe. Ikiwezekana, uongeze kwamba jicho la kushoto bado linasuasua kila likielekea kituo cha basi.

Nisalimie wauguzi, mlinzi wa getini na mama wa mapokezi. Binamu nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi, mgonjwa wako niliyepona kupita kiasi,
Mwalimu wa Udereva

Nyongeza: Barua ya mhuri usiiandike tena. Leo asubuhi, nikiwa njiani kuleta hii, nilimkuta mama mkwe kituoni, nikasimamisha gari mbele yake ili niombe radhi. Aliinama dirishani, akanitazama usoni kabisa, akaniuliza nauli hadi sokoni ni kiasi gani. Kumbe miaka yote minne hakuwahi kuniona nikimpita. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Tafadhali mpime macho Jumatatu, nitamleta mwenyewe.