Bingwa wa Poka na Faida Iliyopigwa Muhuri

Nyamazeni, enyi mliopanga foleni mkiwa na namba mkononi, nanyi mnaojaza fomu kwa kalamu za kuazima! Kaeni kimya, enyi wenye simu zinazolia, niwasimulie vita ambavyo havikumwaga damu wala jasho, kwa kuwa palikuwa na kiyoyozi. Ni habari za Bingwa, fundi wa friji, Simba wa Karata, Mkaa-Kitako Asiyechoka, aliyecheza poka mtandaoni mwaka mzima akiwa chali juu ya kochi, asitikise kiungo ila kidole gumba.

Upo mtandao unaotangaza hadharani zawadi za kila mchezaji wa poka. Humo Bingwa alijiandikisha mwenyewe, akaweka na picha yake amekunja mikono. Mwaka ulipokwisha, mchoro wa ushindi wake ulikuwa umepanda kama mlima: milioni nne! Mtandao ule una adabu zake: huhesabu zawadi tu. Ada anazolipa mchezaji ili aketi mezani hauziulizi, kama mgeni mstaarabu asiyeuliza madeni ya mwenyeji. Bingwa akauchapisha mchoro, akautia fremu, akautundika sebuleni juu ya cherehani ya mkewe. Tangu siku hiyo hakuosha tena chombo.

"Mkono uliovuna mamilioni," alinena, "hautasugua sufuria."

Naye mama mkwe, mwenye duka la vipuri na ulimi wa msumeno, akawa anamwita "mkwe wangu milionea" mbele za watu.

Sifa ni kileo. Alipojaza fomu ya kodi ya mapato, Bingwa aliandika milioni nne kwa herufi nono, kisha akaambatanisha na mchoro. Hakuna aliyemwomba.

"Baba watoto, na hiyo picha ya nini?" mkewe aliuliza.

"Ili serikali nayo ijue inamtoza nani."

Serikali ikajua. Baada ya wiki tatu barua ikafika: laki nane, ndani ya siku thelathini. Nyumbani mwao kitu cha laki nane kilikuwa kimoja tu, nacho wakati huo kilikuwa kinashona sare za shule.

"Cherehani yangu haitoki hapa," mkewe alisema, akakata uzi kwa meno. "Nenda kawaambie ukweli. Au niende mimi? Nina sauti kukushinda."

Basi shujaa akajifunga silaha, nayo ilikuwa taarifa ya malipo ya simu yake, kurasa kumi na tisa, kila ada imo, zimejipanga mstari kwa mstari kama jeshi la adui. Akaingia ofisi ya kodi, akachukua namba sitini na moja, akaketi. Kugeuka, namba sitini ni mama mkwe, na mafaili ya duka mapajani.

"Milionea! Umekuja kulipa?"

"Nimekuja kushauriana nao, mama."

"Vizuri. Washauri wamewaishia."

Mama alihudumiwa, akamaliza, hakuondoka. Alisema anapumzisha magoti.

Bingwa akasimama mbele ya dirisha. "Ewe mlinzi wa hazina, mbele yako amesimama mtu ambaye hajawahi kukimbia meza..."

"Kaka, punguza sauti, nakusikia," karani alimkata, akaanza kugonga kikokotoo. Ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika wa kumi na tisa alisoma jibu kwa sauti ile ya maofisini inayofika hadi getini: "Zawadi, milioni nne. Ada, milioni tatu, laki tisa na elfu themanini na nane. Faida yako ya mwaka mzima ni elfu kumi na mbili."

Benchi zima likaacha kujaza fomu.

"Elfu moja kwa mwezi," alisema mama mkwe. "Kuku wangu wa mayai anaingiza zaidi, na hatujamtundika ukutani."

Karani akamhurumia. "Kaka, bando la intaneti nalo linatolewa kwenye faida. Naona limekula laki moja na nusu. Nikilitoa, hulipi hata senti. Niandike hasara?"

"Andika, mwanangu," mama mkwe alidakia. "Andika kubwa."

Hasara! Cherehani ilikwisha kuokoka. Sasa jina ndilo lililowekewa kisu shingoni. Bingwa akavuta pumzi ya simba.

"La, hasha! Bando nililinunua kwa mapenzi, si kwa biashara. Mimi ni mtu wa faida. Nitoze!"

"Elfu mbili na mia nne."

Shujaa akapapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa shati. Akapata mia tano na kifungo. Mama mkwe akafungua pochi.

"Nakulipia. Ila sufuria za leo ni zako."

"Za leo tu, mama?"

"Mpaka mwisho wa mwaka wa fedha."

Andikeni basi, enyi waandishi wa mambo makuu, kwamba saa sita kasorobo muhuri ulishuka kama radi na mtu mmoja akatambuliwa rasmi. Mchoro umetolewa ukutani. Katika fremu ile ile sasa imo risiti ya elfu mbili na mia nne, na chini yake cherehani inaendelea kuvuma. Mgeni akiingia, sauti humfikia kutoka jikoni, ikipambana na mlio wa sufuria:

"Isome hiyo! Serikali yenyewe imekiri ni faida!"